Rozari Yangu Ilikatwa Siku ya Mtihani

"Bwana moniteri! Generose hasali! Anachezea rozari!"

Aliyesimama kunishitaki ni Bernardine, binamu yangu, tunayelala naye mkeka mmoja!

Na mbele yetu ameketi Padri mkaguzi. Amekuja kijijini kwetu Bwegera kutuuliza maswali na kuchagua msichana mmoja wa kwenda kusoma kwa masista Uvira. Mmoja tu! Wengine wote, shule basi. Unarudi kufukuza ndege kwenye mpunga mpaka uolewe.

Ngojeni kwanza, wajukuu zangu mnaosoma hapa. Ilikuwa 1955, na mimi nilikuwa mtoto asiyetulia. Mwalimu wetu, moniteri Manirakiza, akifungua mdomo, mimi nimeshamfuata nzi dirishani. Miguu inacheza, mikono inachokoa benchi. Wakasema nina pepo.

Moniteri akanifunga kwenye benchi kwa kamba ya mbuzi. Na aliyeileta kamba ni mama yangu mzazi!

"Mumufunge nguvu," mama akasema. "Minye nimechoka naye."

Maneno yale yananiuma mpaka leo.

Aliyenihurumia ni shangazi Domitille, mama yake Bernardine. Alikuwa ameona kitu: nikiwa nachagua mawe kwenye mchele, nakariri katekisimu yote bila kukosea.

"Mikono yako ikikosa kazi, kichwa kinatoka matembezi," akaniambia. "Kamata hii rozari. Kila neno la moniteri, sogeza punje moja. Nani atakupiga sababu ya rozari?"

Jamani, ilikubali! Neno, punje. Neno, punje. Masikio yakafunguka, kamba ikarudi kwa mbuzi. Hata Bernardine, aliyekuwa wa kwanza miaka yote, nikampita.

Sasa turudi siku ile.

"Ni kweli hausali?" moniteri akafoka.

"Inanisaidia kusikia, bwana..."

"Rozari iko ya Bikira Maria, haiko ya masikio yako!"

Akainyakua. Uzi ukakatika, punje zikatawanyika sakafu nzima.

"Piga magoti! Okota moja moja! Na mtihani haufanye!"

Darasa likacheka. Bernardine alicheka kuliko wote. Nikatambaa chini ya mabenchi nalia, na Padri akaanza kuuliza maswali yake.

Lakini oneni maajabu... Nilikuwa naokota punje! Mikono ilikuwa na kazi! Kila swali likaniingia safi.

"Sabini na mbili, gawanya kwa nane?"

Bernardine anatazama dari.

"Tisa!" nikajibu kutoka chini ya benchi.

"Mto Ruzizi unatoka wapi?"

"Ziwa Kivu! Unaingia Tanganyika!"

Fimbo ya moniteri ikanitua mgongoni.

"Mwache," Padri akasema.

Akaniuliza mimi tu, swali juu ya swali, nami nipo magotini naokota. Hakuniambia hata nisimame. Alipochoka akaninyooshea kidole.

"Huyu."

Mimi! Nikamaliza kuokota punje, nikatoka mbio kumtafuta shangazi Domitille nimwangukie miguuni. Nikamkuta nyuma ya kanisa, anamchapa Bernardine makofi.

"Nilikutuma umuseme afukuzwe! Sasa amechaguliwa yeye!"

"Lakini mama, si weye ulimupa rozari?"

"Nilimupa asipigwe! Sikumupa akupite!"

Nilisimama pale na punje zangu mkononi. Shangazi akageuka, akaniona. Akajifunga vizuri kikwembe chake, akatabasamu!

"Proficiat, mwanangu, hongera sana."

Siku ya kwenda Uvira, lori letu lilipita kando ya mpunga. Bernardine alikuwa juu ya kichuguu anapigia ndege kelele, sauti imekauka. Nilimpungia mkono. Ndiyo, kwa makusudi! Nisemeni mnavyotaka.

Baadaye nikawa mwalimu, nikafundisha mpaka nikazeeka. Mtoto asiyetulia sikumfunga hata mmoja. Nilimpa maharage achague, au majani asuke, huku ananisikiliza. Mzazi, usimuue mwanao kwa fimbo. Ipe mikono yake kazi!

Na ninyi mnaosaidiwa, fumbueni macho. Shangazi alinipenda, sikatai. Alinipenda nikiwa nyuma ya binti yake.