Hasira za Phoebe Studioni

Phoebe alizoea kupiga mswaki nje ya nyumba yao pale Uthiru huku akisikiliza redio ya jirani. Jumamosi hiyo mtangazaji aliusifu wimbo mpya, akamtaja mwimbaji mara chungu nzima. Aliyepiga gitaa la besi hakutajwa. Alikuwa Were, babake Phoebe.

"Tena!" Phoebe akafoka, akatema povu.

Miaka nenda miaka rudi, babake alipiga besi katika studio za mjini: leo benga, kesho rumba, keshokutwa nyimbo za kanisa. Kila mwimbaji alimtaka, na hakuna aliyemtaja. Lililomuudhi Phoebe zaidi ni kwamba kabla ya kugusa uzi wowote, baba humwomba mwimbaji aimbe peke yake, naye akatulia tu akisikiliza. Phoebe aliona huko ni kujishusha bure.

Siku hiyo kwaya ya shule yao ilikuwa na nafasi ya kurekodi wimbo katika studio moja ya River Road. Were ndiye aliyewaombea. Phoebe, wa darasa la saba, angepiga besi, na rafiki yake Anita angeimba ubeti wa kwanza peke yake.

"Leo watanisikia, wapende wasipende," Phoebe alijiambia.

Na kweli walimsikia. Alijaza noti kila mahali, akivuta nyuzi kana kwamba anang'oa magugu. Anita akapotea katika wimbo. Wakarudia, akapotea tena, machozi yakamlengalenga.

"Wengine wanangoja nje," akasema Njuguna, fundi wa mitambo. "Tunajaribu mara moja tena tu. Ikiharibika, mnaenda nyumbani."

Were akamvuta bintiye kando, uso umemkunjamana. "Unafanya nini, wewe?"

"Nataka wanisikie! Wewe hawakutaji, baba! Wanakutumia tu!"

"Hawanitaji, ndiyo. Na inaniuma, usidhani haiumi. Lakini Anita amekukosea nini?"

Phoebe akageuka. Alimwona Anita akijifuta machozi kwa mkono wa sweta, aibu ikamshika. Akarudi kwenye gitaa, akaiweka mikono yake juu ya nyuzi zikanyamaza.

"Anita, pole. Imba kwanza, nikusikie."

Anita akaimba, na Phoebe akajua ni wapi anapovuta pumzi. Waliporekodi, alipiga noti chache, akimwachia Anita nafasi ya kupumua. Njuguna akainua kidole gumba, na kwaya nzima ikapiga vigelegele.

"Hasira yako ni ya haki," Were akamwambia wakishuka ngazi. "Lakini usimmwagie asiyehusika. Mpelekee aliyekukosea. Na kazi ya watu ukipewa, ifanye vizuri hata ukiwa umefura."

Jioni redio ikacheza wimbo ule ule wa asubuhi, na jina la Were halikutajwa. Phoebe akasimama, mkono ameunyoosha.

"Baba, simu yako iko na kredo ya kupiga? Namba ya kituo wameitaja sasa hivi."

Were akaitoa simu mfukoni.

"Ongea kwa heshima," akasema, akampa.