Alichosema Zipora

Siku ya mnada, stendi ya Makambako haina pa kuweka mguu. Malori ya mbao yalikuwa yamepanga foleni hadi kwenye njia panda ya Songea, honi juu ya honi, na wauza mahindi ya kuchemsha walipita dirisha kwa dirisha wakinadi. Katikati ya vurugu hiyo, kwenye mlango wa basi dogo la Njombe, alisimama msichana aliyevaa gauni la kitenge cha kijani na sweta la njano, amekumbatia robota la kitambaa cha sare za shule. Abiria wenzake wote walikuwa wanashuka. Yeye peke yake alikuwa anapanda.

"Gari bovu, dada! Bovu!" kondakta alimpigia kelele.

Msichana alimwangalia mdomo, akatabasamu kama anayeomba radhi, akaweka mguu kwenye ngazi.

"Huyu vipi? We dada, husikii?"

Watu wakaangua kicheko. Kondakta akamkamata mkono amvute chini. Hapo kijana mmoja mrefu, mwenye shati la drafti na pengo la jino moja la mbele, akapenya katikati ya watu, akasimama mahali ambapo msichana angemwona vizuri, akaanza kusema kwa mikono.

"Gari limeharibika. Tunahamia lile la bluu, ila halijajaa. Usiogope."

Msichana akashusha robota lake. Hakuitazama mikono ya kijana tu, alimtazama yeye mwenyewe, juu hadi chini.

"Umejifunza wapi?"

"Kwa mama yangu. Alikuwa kiziwi."

"Ndiyo maana unaongea kama bibi kizee. Hiyo alama yako si ya gari, ni ya mkokoteni!"

Kijana alicheka mpaka akajishika kiuno. "Basi nifundishe ya kisasa."

"Ninunulie chai kwanza. Bibi yangu alinikataza kufundisha nikiwa na njaa."

Walikunywa chai ya maziwa kwenye kibanda cha pembeni huku basi la bluu likisubiri abiria. Lilipojaa, likaondoka bila wao, wala hawakuona.

Kijana aliitwa Anania, mzaliwa wa Kichiwa, mpokea wageni katika nyumba moja ya kulala wageni pale Makambako. Msichana aliitwa Zipora. Alizaliwa Kifanya akisikia kama watoto wote, hadi homa ya uti wa mgongo ilipompata angali mdogo ikaondoka na masikio yake. Alisoma shule ya viziwi, akarudi na ufundi wa cherehani, na sasa alishona kwenye kibaraza cha duka la Mama Esha, mfanyabiashara wa vitenge aliyempenda kama mwanawe. Siku za mikutano alifunga cherehani na kwenda kutetea wenzake, maana yeye ndiye aliyekuwa katibu wa chama cha watu wenye ulemavu.

Mapenzi yao yalikuwa ya simu za video. Anania aliegemeza simu kwenye meza ya mapokezi, na wageni walioingia na mabegi yao walimkuta akicheka na kupunga mikono kama mtu anayefukuza nyuki.

"Umekula?"

"Nimekula ugali na maharage. Nimekukosa wewe tu."

"Mwongo. Mdomo unang'aa, umekula nyama."

"Kidogo tu, malaika wangu."

"Hebu sogea kwenye mwanga, mpenzi. Sikusikii."

Anania alianza kumsindikiza kwenye mikutano kama mkalimani. Zipora aliposema kwa mikono, Anania alisema kwa sauti, na kwa mara ya kwanza watu waliacha kumtazama Zipora kwa huruma na kuanza kumjibu. Mama Esha aliwaangalia siku moja wakibishana kibarazani, mikono ikiruka huku na huku, akatikisa kichwa. "Hawa wakioana, majirani watakosa cha kusikiliza," akasema, na Anania akamtafsiria Zipora, na Zipora akamrushia Mama Esha kipande cha kitambaa.

Halafu Consolata akapoteza mtoto.

Consolata aliishi Kifanya, kiziwi tangu kuzaliwa, hakuwahi kupelekwa shule hata siku moja. Alikuwa na alama za nyumbani tu, zile ambazo viziwi wa vijiji vile wamepokezana. Alipelekwa hospitali ya Njombe kujifungua akiwa na uchungu. Akiwa kitandani alimwonyesha nesi wa zamu tumbo lake, akaonyesha tena na tena. Nesi alimtazama, akageuka. Mtoto alitoka amekufa. Hakuna aliyejua namna ya kumweleza Consolata. Alijua alipoona wamemfunika mtoto uso.

Zipora alikaa naye wiki nzima. Aliporudi Makambako hakutania tena. Chama kiliomba kuonana na viongozi wa halmashauri, Njombe, na siku ikapangwa.

Jioni ya kuamkia mkutano, simu ya Anania ikaita. Alikuwa dada yake, Feliciana, nesi mjini Njombe, aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

"Kamwene, mdogo wangu," alimsalimu kwa lugha ya nyumbani.

"Kamwene, dada. Mbona sauti hiyo?"

"Nasikia kesho mnakuja kumsema nesi wa zamu."

"Tunakuja. Kwani unamfahamu?"

Upande wa pili mlango ukafungwa.

"Zamu ilikuwa yangu, Anania."

"Dada!"

"Nilikuwa peke yangu, wodi imejaa. Nilizidiwa tu. Watanifukuza kazi. Mdogo wangu, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni. Sikuombi useme uongo. Lainisha tu maneno."

"Siwezi, dada."

"Lainisha tu."

Asubuhi Njombe ilikuwa na ukungu na manyunyu. Zipora alivaa gauni jeusi alilojishonea mwenyewe, na kilemba cheupe. Alisimama mbele ya meza ndefu ya viongozi, na Anania akasimama kando yake, jasho likimtoka kwenye baridi ile.

"Consolata aliwaambia mtoto ameacha kucheza tumboni," Zipora alisema, mikono yake ikikata hewa. "Aliwaambia kwa njia pekee anayoijua. Nesi alimtazama, akageuka, na mtoto akafa. Hatukuja kuomba huruma. Tunataka mkalimani kwenye wodi ile, na tunataka nesi yule asimame ajibu."

Anania akawageukia viongozi.

"Tunawashukuru kwa huduma mnazotupatia," alisema. "Mawasiliano bado yana changamoto kidogo, hasa kwa akina mama viziwi. Tunaomba mtufikirie siku za usoni."

Meza nzima ikatabasamu. Mtu mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata. Mama mmoja alimsogelea Zipora akamkumbatia, na mpiga picha akawapanga wote mstari.

Nje, chini ya mabati yanayodondosha maji, Zipora alimgeukia Anania.

"Mbona wametabasamu?"

"Wamependa ulivyojieleza."

"Nimewaambia mtoto amekufa, Anania. Nani anatabasamu kwa hilo?"

Kabla hajajibu, Timoth, mwenyekiti wao, akafika akichechemea kwa magongo yake. Hakujua lugha ya alama. Kama kawaida alitoa simu akaandika, akamwonyesha Zipora: *Umeongea kwa heshima sana. Ila mbona hukumtaja mtoto wa Consolata?*

Zipora alisoma. Akasoma tena. Kisha akainua macho.

"Ulisema nini mle ndani?"

Mikono ya Anania ilikuwa mizito. "Nesi yule ni dada yangu."

"Sikukuuliza nesi ni nani. Ulisema nini?"

"Nililainisha."

Zipora akatoka chini ya mabati, manyunyu yakilowanisha kilemba chake.

"Maisha yangu yote watu wanaongea juu ya kichwa changu," alisema polepole, ili Anania asikose hata neno. "Mimi nawaangalia midomo, natabasamu nisionekane mjinga. Kwako tu ndipo nilipoacha kuogopa. Kumbe leo nimesimama mbele ya watu wote, na nilikuwa mjinga kuliko siku zote."

Akaondoka na Timoth.

Anania alipiga simu za video, hazikupokelewa. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe akaenda kibarazani. Zipora alimwona anakuja. Alisimamisha cherehani, akaweka mikono mapajani, akafumba macho.

Anania alisimama mbele yake. Hakuwa na njia ya kusema naye. Angeweza kupiga kelele mpaka soko zima lijae, asisikike.

"Nenda baba," Mama Esha alimwambia taratibu kutoka ndani. "Amekufungia mlango."

Siku ileile Anania akapanda gari la Njombe, akaenda moja kwa moja kwa Feliciana. Alimkuta anamenya viazi jikoni.

"Dada, nimempoteza Zipora. Sasa niambie yote. Kuzidiwa na kazi hakumfanyi mtu aogope hivi."

Kisu kikasimama. Feliciana hakugeuka.

"Unakumbuka shuleni walivyoniita? Mtoto wa bubu. Wakinipigia makelele kama yale mama aliyokuwa akitoa. Nilipoanza kazi nikaapa hakuna atakayejua. Hakuna anayejua mpaka leo kwamba naziweza zile alama."

"Dada…"

"Nilimwelewa, Anania. Alama zake ni zilezile za mama. Alisema mtoto ameacha kucheza. Wenzangu walikuwa pale wanamcheka anavyotoa sauti. Nikajiambia, nikimjibu watajua. Nikajiambia nitamrudia wakitoka. Nikaenda kwa mgonjwa mwingine, na mwingine." Kiazi kikamponyoka, kikabingirika hadi mlangoni. "Niliporudi alikuwa bado ananionyesha. Bado alikuwa anadhani sijamwelewa."

Anania alikaa chini sakafuni. Alimpenda sana dada yake, na hakuweza kumtazama.

"Twende Kifanya," alisema mwishowe.

"Nitafukuzwa."

"Pengine. Twende, dada."

Akamwandikia Zipora: *Nesi anakuja kwa Consolata Jumamosi. Njoo. Sitakuwa mkalimani wa mtu. Utaona mwenyewe kwa macho yako.*

Jumamosi Consolata alikuwa uani akipukuchua mahindi. Zipora alikuwa amekwisha fika, ameketi kando yake, amevaa sweta lake la njano. Hakumsalimu Anania. Feliciana aliingia na gauni la kawaida, kichwa wazi, akapiga magoti kwenye maganda ya mahindi. Alama zake zilikuwa za kitoto, kwa maana aliziacha akiwa mtoto.

"Nilikuelewa," alisema kwa mikono. "Siku ile. Nilikuelewa yote."

Zipora aliziba mdomo. Consolata aliutazama uso ule. Kisha akashika kifua cha Feliciana kwa mikono yote miwili akamsukuma hadi akamwangusha chali. Feliciana alipoinuka, akamsukuma tena. Sauti ikamtoka, ile sauti iliyochekwa wodini, na jirani mmoja akachungulia juu ya ua. Feliciana hakujitetea. Consolata alipochoka, alikaa chini akahema. Halafu akafanya alama moja: mkono ukisuka nywele ndogo, laini.

"Msichana," alisema. "Alikuwa na nywele nyingi. Hakuna aliyeniuliza."

Feliciana akamwuliza jina la mtoto. Na Consolata akamfundisha alama yake.

Mkutano wa pili ulifanyika mvua zilipokaribia kwisha. Mkalimani alikuwa mwanamke kutoka Iringa, ambaye Zipora alimwomba mwenyewe. Anania aliketi nyuma kabisa. Alisikia kwa sauti ya mtu mwingine yale maneno ambayo yeye hakuyasema, na hakuna aliyetabasamu. Feliciana alisimama akaeleza alilofanya. Alisimamishwa kazi siku ileile. Wodi ikaahidiwa mkalimani, na safari hii chama kilikataa kuondoka ukumbini hadi tarehe itamkwe.

Baadaye Anania alimkuta Zipora nje, akisubiri wenzake wapandishe baiskeli ya Timoth ya magurudumu matatu kwenye gari. Alionekana mchovu, amekonda, na mzuri.

"Dada yako atakula nini?" aliuliza yeye kwanza.

"Tutalima Kichiwa. Amesema anataka kuwafundisha manesi alama, wakimkubali."

"Mwambie nitamsaidia. Alama zake ni za mkokoteni kuliko zako."

Wote wawili wakatabasamu, na kwa kitambo kidogo ikawa kama zamani. Anania akajipa moyo.

"Zipora, nioe… yaani, nikuoe. Niko tayari kungoja. Nitakuja na wazee, nitafanya chochote."

Machozi yakamjaa Zipora, lakini mikono yake ilisema waziwazi.

"Nakupenda. Usidhani nimeacha. Nalala na simu nikitumaini itawaka."

"Basi kwa nini?"

"Nimejaribu kuwaza nyumba yetu. Naiona yote, hata mapazia. Kisha najiona nimelala kwenye kitanda cha wodi, nina uchungu, na mtoto wetu ameacha kucheza. Nakuambia wewe. Wewe unamgeukia daktari, unafungua mdomo. Na mimi nakuangalia mdomo, Anania. Sijui unasema nini."

"Ningesema kila neno. Naapa."

"Najua. Pengine ungesema. Ila mimi nisingejua."

Zipora akamshika mikono yote miwili, akaikunja vizuri kama mtu anayekunja nguo aliyoimaliza kushona, akaiegemeza kifuani pake. Kisha akaiachia.

Timoth alimpungia mkono kutoka ndani ya gari. Zipora akapanda kiti cha mbele, akafunga mlango, akatazama barabara ya Makambako. Anania akakumbuka neno moja alilopaswa kumwambia tangu siku ile chini ya mabati, kabla ya kujieleza, kabla ya kumtaja dada yake. Alikimbia hatua kadhaa, akainua mikono akalisema, "Nisamehe," akalirudia, hadi gari likapotea kwenye ukungu. Lakini Zipora alikuwa amegeukia mbele.