Samli ya Taa

Mimi ni muuguzi, na majirani wanajua mdomo wangu hauna breki. Mlango wa pili anaishi fundi cherehani, pamoja na mama yake mzazi na binti yake wa miaka tisa. Binti tulimwita Chiriku, maana alikuwa haishi kuongea.

Wao ni Wahindu. Kila Diwali, sikukuu yao ya taa, walisafisha nyumba na kupanga vitaa vya udongo mlangoni. Chiriku alinieleza maana yake hata nisipouliza. Alisema Bwana Rama alikaa uhamishoni miaka kumi na minne, akamshinda mfalme mwovu, kisha akarudi kwao, na watu wakamwashia taa. Mwanga ulikuwa umelishinda giza. Tena mlango huachwa wazi ili Lakshmi, mungu wa kike wa neema, aone pa kuingilia.

Mwaka jana, jioni ya Diwali, Chiriku aliinama kuwasha kitaa cha mwisho. Mtandio wake wa nailoni ukashika moto. Baba yake aliuzima kwa blanketi, lakini mkono wa kulia ulikuwa umeshaungua. Bibi akaja mbio na bakuli la samli ya kuwashia taa. Aliiamini, kwa kuwa ilikuwa imeombewa. Akaupaka mkono wote, vikuku vikiwa havijavuliwa, akaufunga kwa kitambaa.

Mimi nilikuwa zamu ya usiku. Nilirudi asubuhi, nikafungua kile kitambaa, nikakuta mkono umevimba na vikuku vimeubana.

Nilifoka, sitaficha. Nilimwambia bibi kwamba samli hufungia joto ndani ya ngozi. Aliyeungua humwagiwa maji safi ya bomba dakika ishirini. Si barafu, si mafuta, wala dawa ya meno. Vikuku huvuliwa mapema, kabla mkono haujavimba. Kisha jeraha hufunikwa kwa kitambaa safi, na safari ya hospitali ni saa ile ile. Asubuhi ile ile tukampeleka Chiriku hospitali.

Hospitali walifanya walichoweza. Vidole viwili vimepinda mpaka leo. Chiriku akawa mtu wa kunyamaza.

Diwali ya mwaka huu ilipofika, bibi alificha vitaa chini ya kitanda. Fundi akaja kuniita. Nilimkuta bibi amekaa sakafuni, mlango umefungwa.

"Sista, mimi ndiye niliyemharibu mtoto," aliniambia. "Lakshmi aingie humu kufuata nini?"

Nilikosa la kusema. Mimi, na mdomo wangu wote huu! Chiriku ndiye aliyekuja kukaa karibu naye.

"Bibi, Rama alikaa mbali miaka kumi na minne, halafu akarudi," alisema. "Wewe mwaka mmoja umetosha. Rudi."

Bibi alilia sana. Kisha akavuta vitaa, akavipanga juu ya sinia la mchanga. Alimvisha mjukuu gauni la pamba, akamfunga nywele, akamvua vikuku. Fundi alileta ndoo ya maji safi. Chiriku akawasha kwa mkono wa kushoto, polepole, na mlango ukafunguliwa.

Bibi hakuondoka kando ya ile ndoo mpaka kitaa cha mwisho kilipozimika.