Dau la Kumwekea Mpinzani

Asubuhi hiyo ukumbi wa mashindano ya vishale ulifurika kama soko siku ya mshahara. Mlangoni watu walisukumana kwenye dirisha la kubeti. Ndani, koridoni, wachezaji walipanga mstari mbele ya cherehani moja. Mshonaji wake, binti wa gauni la kijani na pini mdomoni, alikuwa akishona majina yao mgongoni.

"Dada, shati hili linanikaba," ikasema sauti juu ya kichwa chake. "Nikiinua mkono kurusha, kwapa linalia."

Akainua macho. Mbele yake alisimama kijana mrefu, fundi wa friji siku za kazi, ambaye mashabiki walimwita Taratibu kwa sababu kabla ya kurusha kishale alipumua kama mtu anayepoza chai.

"Linalia kwapa au unalia wewe?"

"Sote wawili. Tusitiri."

"Usivue. Inua mkono."

Akafumua mshono, akaingiza kipande cha kitambaa, akashona kwa mkono shati likiwa mwilini. Kijana alinukia sabuni, na binti akajikuta anashona polepole kuliko kawaida.

"Tulia, nitakuchoma."

"Umeshanichoma, Fundi."

Ndivyo walivyoanza, na jina la Fundi likambakia binti. Mashindano yalikuwa ya kulipwa, mechi kila mwisho wa wiki, na kila jioni simu ililia.

"Malkia wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe umefanya mazoezi au umelala?"

"Nimerusha mpaka bega limeninunia."

"Lipe pole yangu. Wewe usijipe."

Lakini Fundi alikuwa na jambo lake. Kwao alijulikana kwa mkosi: timu aliyoishangilia ilifungwa, mgombea aliyempenda alianguka. Shangazi yake, aliyependa kubeti kuliko kula, humwuliza, "Mwanangu, leo roho yako iko kwa nani?" kisha humwekea yule mwingine, na mara nyingi hushinda.

Basi kila Taratibu alipocheza, Fundi alikwenda dirishani kimyakimya akaweka dau dogo kwa mpinzani. Na Taratibu akawa anashinda, raundi baada ya raundi, mpaka fainali. Hakumwambia. Aliamini dawa ikitangazwa hupoa.

Siku ya fainali, Taratibu akapita karibu na dirisha, na mtu mmoja kwenye foleni akamcheka. "Kaka, hata mpenzi wako kamwekea Radi! Kila mechi anaweka dhidi yako, hujui?"

Radi ndiye bingwa mtetezi. Taratibu akapiga simu papo hapo.

"Ni kweli unaweka dhidi yangu?"

"Kweli, mpenzi, lakini sivyo unavyo..."

"Basi. Kumbe nimelala na njaa nikifanya mazoezi, na wangu wa moyoni ananiombea nianguke." Akakata.

Akaingia kucheza kama mtu anayetupia popo mawe. Kufika mapumziko, Radi alikuwa na seti nne, yeye moja, na wa kwanza kufikisha tano ndiye bingwa. Fundi akamfuata koridoni, mtandio umemteleza begani, Shangazi nyuma yake akihema.

"Nisikilize kisha unichukie," Fundi akasema. "Mimi nikikitaka kitu kwa sauti, kinaanguka. Nikaona nimtakie mwenzako, ili uanguke yeye... ili aanguke yeye. Hata maneno yananipotea!"

"Ni kweli, baba," Shangazi akadakia. "Huyu mtoto ana mkosi wa kusomewa. Mkosi huo mimi nimejengea jiko."

"Huo ni ujinga, Fundi."

"Ni ujinga, lakini ni wangu. Sasa sikia. Nakwenda kukuwekea wewe, akiba yangu yote. Ukishindwa leo, ushindwe ukijua nilikuwa upande wako."

Taratibu akamtazama. Midomo ikaanza kumcheza. "Ukinitakia mimi si nimekwisha?"

"Umekwisha," Fundi akasema, machozi yanamtoka. "Nisamehe."

Akaenda dirishani, akaweka kwa Taratibu. Shangazi akamtazama kwa huruma, akajipangusa macho, akaweka kwa Radi.

Kijana akarudi ubaoni anacheka peke yake. Akapumua. Akachukua seti ya pili, ya tatu, ya nne. Ukumbi ukasimama. Katika seti ya kuamua, kishale chake cha mwisho kilihitaji kuingia kwenye ule mkanda mwembamba wa pembeni. Kikagonga waya, kikadondoka sakafuni. Zamu ikawa ya Radi, akamaliza.

Fundi akajifunika uso kwa mtandio. Taratibu akashuka jukwaani akamfunua polepole.

"Nimekuponza mimi," Fundi akalia.

"Aliyenishinda ni waya. Wewe umenitoa seti moja ukanifikisha nne." Akanyoosha mkono. "Kombe sina. Nina friji za watu hazijapona, na mkono huu mmoja. Utanikubali nikuoe?"

Fundi angeweza kusema "sijui", aidanganye bahati kama alivyozoea. Taratibu hakumharakisha.

"Nakubali," akasema. Kisha akapaza sauti mpaka watu wa viti vya nyuma wakageuka: "Nakubali! Namtaka, tena sana!"

Shangazi, tiketi ya ushindi mkononi, akashika kichwa. "Mama yangu, kalitangaza!"

Wakatoka nje juani wameshikana mikono, watu wakiwapisha. Na mpaka wanafika barabarani hakuna kilichoanguka isipokuwa mkoba wa Shangazi, ambao hakuinama kuuokota kwa sababu alikuwa anapiga vigelegele.