Bupe na Mzabibu Wake wa Nzuguni

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Bupe huumwagilia mzabibu wake ndoo mbili za maji. Halafu huusalimia. Mumewe, Fabian, humcheka, lakini Bupe hajali. Alizaliwa Tukuyu, kwenye mvua na migomba. Hapa Nzuguni, Dodoma, anakoishi sasa, kuna vumbi. Mzabibu ule ndio kijani chake, na mtu asithubutu kuchuma hata jani moja.

Mzabibu ulitambaa ukafunika kichanja chote cha miti kilichoushikilia uani. Ulipendeza kweli. Lakini kwa miaka mitatu haukuzaa hata kishada kimoja.

Mwezi wa tano, Fabian alichoka.

"Mama Jenifa, hapa nitajenga banda la kuku. Kuku angalau hutaga."

"Usiuguse mzabibu wangu!"

"Haya, naungoja hadi mwezi wa tisa. Usipozaa, naung'oa."

Bupe alijua mumewe hatanii. Alikwenda kwa jirani yake, Raheli. Huyu ni Mgogo wa kijiji cha Zuzu, na amekulia kwenye shamba la zabibu la baba yake.

"Shikamoo, dada Raheli."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona mnyonge hivyo?"

Bupe alimweleza yote. Raheli akaja, akainama chini ya kichanja, akafunua majani. Ndani kulikuwa na giza. Majani ya chini yalikuwa na ukungu mweupe, kama yamenyunyiziwa unga.

"Umewahi kuupogoa?"

"Kuukata? Dada, nitaukataje nami naupenda?"

"Ndiyo maana hauzai! Unalea majani tu. Zabibu hutoka kwenye chipukizi jipya. Na chipukizi zuri hutoka tukilikata tawi lililokomaa. Mvua zimekwisha, huu ndio wakati wake. Usimwagilie kwa wiki mbili, upumzike. Nitakuja na mkasi."

Wiki mbili zikapita. Raheli alisafisha mkasi kwa spiriti ili usieneze ugonjwa. Akashika tawi la kahawia, nene kama penseli.

"Unaona vinundu hivi? Tunaviita macho. Hesabu kuanzia tawi linapoanzia. Moja, mawili. Kata juu ya jicho la pili. Matawi makavu toa yote."

Akampa Bupe mkasi.

"Mimi?"

"Wewe. Mzabibu ni wako."

Bupe aligeuza uso pembeni, akakata.

"Tazama unachokata, usije ukakata kidole!" Raheli alisema, na wote wawili wakacheka.

Kufikia saa sita, kichanjani vilibaki vijiti. Majani yenye ukungu waliyachoma. Waliweka samadi iliyooza kuzunguka shina, wakamwagilia.

Kesho yake asubuhi, Bupe aliona maji yakidondoka kutoka kila tawi lililokatwa. Maskini, machozi yakamlengalenga. Akachana khanga yake kuukuu, akafunga matawi yote, moja baada ya jingine. Raheli alipoyaona mafundo yale alicheka hadi akakaa chini.

"Mdogo wangu, hujauumiza. Mizizi inapandisha maji. Hiyo ni dalili kwamba uko hai. Fungua, yatakauka yenyewe."

Kweli, yalikauka. Baada ya wiki mbili macho yalichipua, na machipukizi yakaja na vishada vidogo sana. Fabian aliacha habari za kuku. Kila jioni akitoka kazini alipitia kichanjani kwanza. Ndege walipoanza kudonoa, ni yeye aliyefunika vishada kwa wavu.

Mwezi wa tisa walichuma beseni zima. Kishada cha kwanza Bupe alimpelekea Raheli.

Mavuno yalipokwisha, waliuacha mzabibu upumzike. Mwezi wa kumi na moja Bupe alichukua mkasi, akampa mumewe. Fabian alishika tawi lenye majani mengi, akasita.

"Mama Jenifa, hili tuliache. Limependeza mno."

"Hesabu macho mawili, baba Jenifa."

Fabian alihesabu. Kisha akageuza uso pembeni, akakata.