Mikono ya Dada

Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, dada yangu aliinua mikono yake na hakuthubutu kuishusha tena.

Nilikuwa nimempelekea ufunguo wa nyumba. Ukumbi wa kungfu uko juu ya duka la matairi, na ngazi zake hunuka mpira. Mgongoni nilimbeba mwanawe, tunayemwita Kipipi. Ndiyo kwanza anasimama dede.

Katika nchi ile ya ugenini hatukuwa na ndugu mwingine. Dada alikuwa mgeni pekee darasani, na alijituma kuliko wenyeji wote. Zoezi lao kubwa ni kusimama tu: magoti yamelegezwa, mikono mbele ya kifua kama unayekumbatia mtungi. Husemi. Hutikisiki.

Mwalimu wao alifundisha kwa mdomo. Mikono yake ilikaa hivyo hivyo, mbele ya kifua, ndani ya shati pana. Sikuwahi kuiona imening'inia. Niliwahi kumuuliza dada sababu.

"Wewe ngazi tu zinakutoa jasho," alinijibu, "utajua nini?"

Jioni ile mwalimu aliomba mtu mmoja asimame mbele yake, wagusane vifundo vya mikono. Wenyeji wakatazama sakafu. Dada akatoka mstarini. Alinikonyeza alipopita. Mgeni kaheshimiwa.

Vifundo vikagusana.

Mwalimu akashusha pumzi.

Kisha akashusha mikono.

Ilining'inia kama nguo kwenye kamba. Akaitazama, akalia bila sauti, akatoka. Wanafunzi wakamfuata.

"Mdogo wangu," dada alinong'ona. "Kuna uzito."

"Shusha mikono twende."

"Nikishusha ataanguka."

"Nani?"

Aliinamisha macho kifuani. Nilipitisha mkono katikati ya mikono yake. Hapakuwa na kitu. Ila palikuwa na joto... kama la shuka ambalo mtu ameliacha sasa hivi. Na harufu ya nywele zilizolowa.

Kipipi akachungulia juu ya bega langu. Akacheka, akanyoosha kidole.

Hakumwonyesha mama yake. Alionyesha chini kidogo ya kidevu chake.

Mwanafunzi mmoja, mwanamke, alirudi kuchukua viatu. Alisema bila kututazama:

"Asimwangushe. Mwalimu alichoka mara moja tu. Alikuwa na binti."

"Alikuwa?"

"Ukimwangusha, huenda kwa mtoto aliye karibu."

"Mbona hamkutuambia?"

Alifunga kamba za kiatu kwanza.

"Mngekubali kusimama?"

Tulirudi kwa miguu. Dada alitembea kama aliyebeba ndoo iliyojaa. Kwenye kituo cha basi, mama mmoja tusiyemjua alimwangalia mikononi, akatikisa kichwa.

"Mfunike, jamani. Baridi hii."

Tukaongeza mwendo.

Nyumbani nilimlaza Kipipi kitandani. Alilia njaa. Alimtaka mama yake, na mama yake alisimama hatua chache kutoka kwake, maziwa yakilowesha blauzi, asiweze kumpokea. Viwiko vilianza kutetemeka. Nilivifunga kwa mkanda wangu, nikaupitisha shingoni mwake. Mkanda ulikatika. Ngozi mpya, ilikatika kama uzi.

"Mpeleke mbali," dada alisema.

"Kwa nani? Tuna nani hapa?"

"Popote. Mpeleke, mikono inashuka."

Ilikuwa inashuka kweli. Ilikuwa imefika kiunoni. Kitandani, Kipipi aliacha kulia ghafla, akageuza kichwa, akatazama sakafu chini ya mikono ya mama yake. Kama anayemsubiri mwenzake ashuke waje kucheza.

Nikasimama mbele ya dada. Nikalegeza magoti, kama nilivyowaona wakifanya.

"Usithubutu," alisema.

"Mimi sina mtoto."

"Hujui hata kusimama, wewe."

"Basi nifundishe."

Alilia. Lakini hakurudi nyuma.

Vifundo vikagusana. Vyake vilikuwa vya moto. Nikasikia kitu kikihama, taratibu, kama anavyohamishwa aliyelala asiamke. Kikajiweka sawa kifuani pangu. Kikavuta pumzi.

Ijumaa asubuhi ukumbi ulikuwa na kufuli. Mwenye duka la matairi alisema mwalimu ameondoka na begi moja mgongoni, akipunga mikono yote miwili.

Tuliporudi nyumbani dada alimpakata Kipipi, akamnyonyesha. Haya yote ameyaandika yeye. Mimi nimetamka tu, tena kwa sauti ya chini. Huyu wangu ndiyo kwanza amelala.