Koti la Bwana Harusi wa Newala

"Severina! Njoo uniambie, huyu mwanamume aliyesimama na bibi harusi ni nani?"

Mjomba Bartholomayo alikuwa katikati ya uwanja wetu pale Lukuledi, gazeti mkononi, jasho linamtoka. Nikaweka ungo chini, nikafuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo mjomba."

"Shikamoo baadaye. Tazama kwanza."

Nikatazama. Jamani, nilitazama mpaka macho yakaniuma. Alikuwa Nikolao wangu, fundi baiskeli wa Mkomaindo kule Masasi, mwenye kamera yake, mchumba wangu niliyebakiza Jumapili chache tu kuolewa naye. Kavaa koti jeusi, ua jeupe kifuani, kasimama mlangoni pa kanisa anacheka meno yote nje. Na pembeni yake, bega kwa bega, mwanamke ndani ya shela.

"Soma maandishi ya chini," mjomba akasema.

"Nimeshasoma."

"Mama yako hajui kusoma. Msomee."

Mama yangu, Agnes, alikuwa ameshatoka jikoni, mwiko mkononi. Nikasoma. "Mshindi wa shindano letu la picha. Maharusi wa Newala. Picha imepigwa na Bwana Nikolao wa Masasi."

"Yaani kajipiga mwenyewe akioa?" mama akauliza.

"Ndivyo gazeti linavyosema."

"Mtu anajipigaje picha mwenyewe, naye yumo ndani?"

"Mama Severina, mimi sijaja kuuliza ya kamera!" mjomba akafoka. "Nimekuja kusema haya. Matangazo ya ndoa yamesomwa mara mbili, na anayeyasoma ni mimi, katekista wa kanisa hili. La tatu silisomi. Siwezi kusimama mbele ya watu kumtangaza mume wa mtu."

Nikamgeukia baba. Baba alikuwa kivulini anamenya mihogo. Akaniangalia kwa huruma, akaendelea kumenya. Kwetu mtoto ni wa mjomba wake. Baba anaweza kukupenda mpaka basi, lakini mdomo wa kukuoza si wake.

Mie nililia siku ile hadi kwikwi. Mwaka wa hamsini na saba, Mwingereza bado yupo bomani, gazeti likichapisha jambo nani wa kulibishia? Na lilikuwa limeletwa na Mrisho, utingo wa lori la korosho, ambaye alishalionyesha kila kituo tangu Lindi.

Kesho yake asubuhi nikasikia kengele ya baiskeli. Huyo Nikolao! Kaja mbio kutoka Masasi, vumbi mpaka kwenye nyusi, anacheka mbali.

"Severina! Nimeshinda! Mrisho kaniambia picha yangu imetoka gazetini! Shikamoo mjomba!"

Mjomba alikuwa amekaa barazani. Hakuitikia.

"Shikamoo mjomba," Nikolao akarudia, kicheko kinapungua.

Mjomba akageuza uso. Mjomba kutoitikia shikamoo, nilijua mambo yameharibika.

"Umeshaiona hiyo picha yenyewe?" nikamuuliza.

"Bado. Gazeti walitaka filamu nzima, waisafishe wenyewe. Nilipeleka ya harusi ya binamu yangu Yeremia, ile ya Newala. Wamechagua ipi?"

"Hii hapa. Tazama harusi yako."

Akashika gazeti. Nilimkazia macho usoni, maana nilijiambia, Severina, uso ndio utakaokwambia ukweli. Uso wake ulikunjamana, akaligeuza gazeti, akalirudisha, akalisogeza karibu na pua.

"Huyu... huyu ni mimi," akasema.

"Hilo tunalijua."

"Na huyu ni Magdalena, mke wa Yeremia."

"Ala! Kumbe una jina lake mdomoni."

"Severina, mimi sikusimama na Magdalena. Haki ya Mungu."

"Na hilo koti? Koti ulivaa au hukuvaa?"

Akashusha gazeti. "Koti nilivaa."

Mama akapiga kofi paja lake. "Toba!"

"Nilivaa kwa utani, mama! Yeremia ni mtoto wa mjomba wangu, na mabinamu kwetu ni watani. Alivua koti kwa joto, mimi nikalivaa, nikapaza sauti, 'Leo nimeoa mimi, huyu hana mke!' Watu wote walicheka. Hata Yeremia alicheka."

"Halafu ukasimama na mke wake."

"Sikusimama! Magdalena alikuwa ndani, amekwenda kula."

"Basi gazetini ameingiaje?"

"Sijui."

"Nani aliipiga hii picha?"

"Mimi nilimpiga Magdalena peke yake. Yeremia akanipiga mimi peke yangu. Hii ya pamoja sijui nani kaipiga."

Mjomba akanyanyuka. "Kijana, unavyozidi kujieleza ndivyo unavyozidi kuzama. Chukua baiskeli yako."

"Mjomba, nisikilize..."

"Chukua baiskeli yako."

Nilimsindikiza mpaka kwenye mikorosho ya njia kuu. Nilikuwa na hasira, tena hasira ya kweli, lakini miguu ilimfuata tu.

"Nidanganye basi," nikamwambia. "Nipe uongo mzuri nikamwambie mjomba."

"Sina uongo, Severina. Hata mimi sielewi. Jana nimelala nina mchumba mmoja, leo nimeamka nina wake wawili, na mmoja ni wa binamu yangu. Pengine kamera imerogwa."

"Unanipenda?"

"Unaniuliza swali gani sasa?"

"Nijibu."

"Nakupenda mpaka najisahau. Sijui niseme vipi tena." Macho yakamjaa machozi, akapanda baiskeli akayumba, karibu aingie shimoni.

Nikabaki njiani nimechanganyikiwa. Mwanamume mwongo huja na maelezo yake tayari, yamenyooka. Huyu hakuwa na chochote. Nikamwamini, halafu nikifungua gazeti simwamini, nikilifunga namwamini tena. Nilishinda hivyo kutwa nzima na ugali ukaungua.

Jumamosi lori la korosho likasimama mbele ya nyumba yetu. Mrisho akaruka chini, nyuma yake akashuka mwanamume mrefu, mweusi tii, amefura. Akamshusha mwanamke aliyejifunika kanga usoni, analia. Na kwenye mabati ya nyuma kabisa, kashikilia baiskeli yake, Nikolao.

"Hodi wenyewe! Shikamooni," yule mrefu akasema. "Mimi ni Yeremia wa Newala. Nimepita Mkomaindo, nimemkuta huyu, nimemwambia twende kwa wakwe zako wakusikie. Nimemletea mke wake."

"Mimi si mke wake!" yule mwanamke akalia. "Yeremia, unaniaibisha mpaka ugenini?"

"Umejiaibisha gazetini! Newala nzima wananiuliza, 'Yeremia, siku ya harusi yako wewe ulikuwa wapi?' Hata wanawake wanaotoka bondeni na ndoo za maji wanasimama kunicheka!"

Mjomba akaitwa. Akaja na rozari mkononi, akakaa.

"Sema wewe wa Newala," akamwambia Yeremia. "Koti alivaa?"

"Alivaa. Mimi mwenyewe nilimpokonya kamera, nikampiga akiwa na koti langu, tulikuwa tunataniana. Lakini nilimpiga peke yake! Mke wangu hakuwepo. Kwa hiyo hii nyingine walipigwa na nani, na lini? Lazima walirudi pale mlangoni nimegeuza mgongo!"

"Sikurudi!" Nikolao akapiga kelele.

"Sikurudi!" Magdalena naye.

"Wanajibu kwa sauti moja," mjomba akasema, akitikisa kichwa. "Kesho tangazo la tatu silisomi."

Nikamshika Magdalena mkono, nikamkalisha kwenye mkeka karibu na mama. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia yule mwanamke, lakini nilipomwona machozi na makamasi yamechanganyika, chuki ikanishinda.

"Dada," nikamwambia taratibu, "mie ndiye mchumba wa Nikolao. Niambie tu. Siku ile ulimwona wapi?"

"Nyuma ya kamera, mdogo wangu. Siku nzima nyuma ya kamera. Alinisimamisha mlangoni na maua yangu, akasema usicheke, nikakaza uso. Kamera ikalia, shangazi akaniita ndani nikale. Nilikula mpaka jioni, nilikuwa na njaa."

"Ulishika maua?"

"Nilishika hivi." Akakunja mikono kifuani.

Nikachukua gazeti, nikatoka nalo juani. Maua nikayaona. Lakini yalikuwa yanaonekana juu ya mkono wa koti la Nikolao, majani yamepita kwenye kitambaa kana kwamba koti ni chandarua. Nikatazama miguu. Kiatu chake cha kulia, ukikiangalia sana, kilikuwa kinaonyesha ngazi iliyo nyuma yake.

"Shemeji Yeremia," nikaita, "mlango wa kanisa lenu una misalaba mingapi juu?"

"Mmoja. Aliupigilia marehemu babu yangu."

"Hapa ipo miwili."

Wote wakaja, vichwa vikagongana. Kweli, misalaba miwili, mmoja umeegemea mwingine.

"Uchawi huo," mama akanong'ona. "Kamera imerogwa."

"Subiri mama." Maana nilikuwa nimekumbuka. Mara ya kwanza Nikolao kunipiga picha, kwenye majabali ya Masasi, alinipa kamera na mimi nijaribu, na alinichosha kwa neno moja. Ukishabonyeza, zungusha ufunguo filamu isogee. Severina, zungusha! Umezungusha? Mpaka nikamwambia hebu niache, mimi si jiwe la kusagia.

Nikamgeukia. "Nikolao, ulipompiga Magdalena, ulizungusha?"

Akajikuna kichwa. "Nilikuwa nataka kuzungusha. Nikaona koti kwenye kiti. Nikalivaa kwanza."

"Halafu?"

"Halafu Yeremia akaninyang'anya kamera."

"Shemeji, wewe ulipoichukua, ulizungusha ule ufunguo wa pembeni?"

Yeremia akatutazama mmoja mmoja.

"Ufunguo gani?" akauliza. "Kwani kuna ufunguo?"

Nikolao akakaa chini mchangani palepale, akashika kichwa, akaanza kucheka huku analia. "Mungu wangu! Binamu, ulisimama nilipokuwa nimesimama mimi, ukabonyeza. Umenipiga juu ya mke wako! Filamu ileile, mahali palepale!"

"Mimi?"

"Wewe! Umemwozesha mkeo kwa mkono wako mwenyewe!"

Magdalena akafunua uso. "Yeremia," akasema polepole, "umenipandisha lori kutoka Newala mpaka hapa, mbele ya mabwana wa korosho, kwa ajili ya kitu ulichofanya wewe?"

Yeremia akatafuta pa kuficha uso, hapakuwepo. "Mke wangu... mimi sikujua kama kamera ina ufunguo."

"Usiniite mke wako. Hujaniambia samahani."

"Samahani."

"Sijasikia."

"SAMAHANI!"

Mrisho aliyekuwa kwenye lori akapiga honi kwa kicheko. Lakini mjomba hakucheka. Alikuwa bado amelishika gazeti, ametoa macho.

"Mimi sielewi," akasema. "Watu wawili hawakusimama pamoja, lakini wamesimama pamoja."

Nikapiga magoti mbele yake. "Mjomba, ule ubao wako wa kufundishia katekisimu. Ukiandika sala moja, halafu usifute, ukaandika sala nyingine juu yake, watoto wataona nini?"

"Wataona fujo."

"Wataona sala zote mbili mahali pamoja. Na hakuna aliyezisali pamoja. Nampenda huyu mtu, mjomba. Usinikatie njia kwa ubao ambao haukufutwa."

Akakunja gazeti, akalitia kwapani, akaondoka. Nikolao akatamka kwa nyuma, "Shikamoo mjomba." Hakuitikia.

Jumapili kanisa lilijaa hadi dirishani, maana Mrisho alikuwa ameeneza habari. Mjomba akasimama na daftari lake la matangazo. Akasoma tangazo moja, la kijana wa ng'ambo ya mto. Akasoma la pili, la wengine. Akafunga daftari. Nilisikia mama anavuta pumzi, mie mwenyewe sikuwa nayo ya kuvuta.

Akavua miwani, akaifuta na shati, akaivaa. Akafungua daftari tena.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho," akasema, "Nikolao wa Mkomaindo na Severina wa hapa Lukuledi. Mwenye pingamizi aseme sasa. Asilete gazeti."

Kanisa likaangua kicheko, na padre akaangalia chini. Nje, Nikolao akamkimbilia. "Shikamoo mjomba!"

"Marahaba," mjomba akasema. "Na harusini koti lako ulivae mwenyewe."

Zawadi ya shindano ikaja kwa lori, saa ya mezani inayolia kila saa. Nikolao alitaka kuirudisha kwa aibu. Yeremia akaja juu. "Irudishwe kwa nini? Nusu ya picha nimepiga mimi!" Saa wakawekeana zamu, mwezi Newala, mwezi Masasi, na wanagombania mpaka leo.

Siku ya harusi yetu Yeremia aliomba apige yeye picha, afute aibu. Tukasimama mlangoni, mimi na shela langu, Nikolao na koti lake mwenyewe. Kabla hajabonyeza nikapaza sauti mbele ya watu wote, "Shemeji, zungusha!"

Akazungusha. Akaona haitoshi. Kwa woga wake akazungusha tena, akazungusha na kuzungusha, ndipo akabonyeza. Filamu ilipotoka Lindi ilikuwa tupu mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa ameizungusha yote kabla ya picha ya kwanza.

Kwa hiyo ukija kwangu leo, utakuta ukutani picha moja tu ya harusi, ile ya gazeti. Mume wangu yumo, kijana, anacheka. Bibi harusi si mimi. Wageni huwa wanaona haya kuuliza, wananyamaza na chai yao. Nawaambia wenyewe, huyo wa kwenye shela ni Magdalena, mke wa binamu, na ndiye aliyempokea mwanangu wa kwanza alipozaliwa. Mimi sipo pale. Mimi ndiye niliyekwenda nyumbani na huyo bwana harusi.